Mteja Yuko Kanda ya Ziwa? Ijue Barabara Kabla Hujamtajia Bei ya Kutuma Mzigo



Leo tunaiacha kidogo mada ya picha na kapsheni, tunaongelea barabara. Ni ile barabara kuu inayozunguka Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Inaanzia Sirari mpakani na Kenya, inapita Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, Mwanza, Sengerema, Geita, Muleba, Bukoba, na kuishia Mutukula mpakani na Uganda. Inagusa mikoa mitano: Mara, Simiyu, Mwanza, Geita na Kagera. Kama unauza mtandaoni na unapokea oda za mikoani, basi una wateja kwenye barabara hii, ujue usijue.

Wanaoisafiri wanaisifia kwa uzuri wake. Mawe ya Mwanza yaliyobebana, ziwa linalojitokeza na kupotea, migomba ya Muleba iliyobana barabara kushoto na kulia. Sawa. Ila wewe muuzaji hukai dirishani. Wewe unatuma boksi lenye hela yako ndani. Na hapo ndipo wengi tunapoumia, kwa sababu tunaandika kwenye ukurasa "Kanda ya Ziwa mzigo 7,000" halafu tunadhani tumemaliza kazi.

Hakuna mzigo unaokwenda "Kanda ya Ziwa". Mzigo unakwenda stendi fulani au njiapanda fulani, kwa basi linalopita njia fulani, saa fulani. Ukiijua barabara hivyo, unataja bei sahihi na siku sahihi. Usipoijua, faida yako inashukia njiani.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Huu ni mfano tu, weka bei zako mwenyewe.

Pochi unaiuza 28,000, umeinunua 18,000. Faida 10,000. Umeandika "usafiri bure mikoani" ili uvutie wateja. Haya:

Boda kutoka kwako mpaka stendi: 2,000
Kifurushi kwenye basi: 5,000
Mfuko na selotepu: 500
Ada ya kutuma hela: 500

Jumla 8,000. Umebaki na 2,000. Hapo kila kitu kimekwenda vizuri.

Sasa mteja yuko Muleba, wewe umeandika "Bukoba" kwa sababu akilini mwako Kagera ni Bukoba. Mzigo umepitilizwa. Kuurudisha Muleba ni 3,000 nyingine, na mteja hatoi, kwa sababu kosa si lake. Tayari umeingia hasara ya 1,000, umepoteza siku mbili kwenye simu, na mteja anawaambia wenzake kwamba "huyu dada anasumbua". Hiyo ya mwisho ndiyo inauma zaidi. Muuzaji wa mtandaoni duka lake ni jina lake.

KIPANDE CHA KWANZA: MWANZA NA DARAJA

Anza na Mwanza, maana mizigo mingi ya ziwani inapita hapo au inabadilishiwa gari hapo.

Mwanza ina stendi kubwa mbili za mabasi ya mbali na zipo pande tofauti za jiji. Nyegezi ipo upande wa kusini, barabara ya kwenda Shinyanga na pia Geita. Nyamhongolo ipo Ilemela, barabara ya kwenda Musoma. Mteja anayeishi Igoma ukimwambia akachukue mzigo Nyegezi, umempa safari ya kuvuka jiji zima. Kwa hiyo usimwandikie tu "mzigo upo stendi Mwanza". Taja stendi.

Ukitoka Mwanza kwenda Geita unafika Usagara, barabara inagawanyika. Ya kunyooka inakwenda Misungwi na Shinyanga. Ya kulia inakwenda Kigongo, ambako zamani magari yote yalikuwa yanasubiri feri kuvuka ghuba ya Mwanza kwenda Busisi. Wazoefu mnakumbuka. Basi linaweza kupanga foleni muda mrefu, feri ikipata hitilafu ndo kabisa, na mteja wa Sengerema anakupigia kila nusu saa.

Hayo yameisha. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, refu kuliko yote Tanzania. Kuvuka sasa ni dakika chache. Kwako muuzaji faida kubwa hapa ni uhakika kuliko hata kasi. Zamani usingeweza kumwahidi mteja wa Geita saa, maana foleni ya feri haina ratiba. Sasa unaweza kumwambia "leo jioni" na ikawa kweli.

Hivyo kama kwenye ukurasa wako bado kuna maandishi ya zamani kama "ng'ambo ya feri ongeza siku moja", yafute. Kaulizie upya bei na muda, kwa sababu mshindani wako ameshauliza.

KIPANDE CHA PILI: SENGEREMA, GEITA, KATORO

Ukivuka Busisi unaingia Sengerema. Angalizo: mteja anaweza kukuambia yuko Sengerema kumbe yuko Nyehunge, huko Buchosa. Hiyo ni safari nyingine pembeni kabisa ya barabara kuu. Muulize mapema kama atafuata mzigo Sengerema mjini au anataka umfikishie kwake, na hiyo ya pili ina bei yake.

Geita mjini wengi mnaijua kwa dhahabu. Hela ya dhahabu ina mzunguko wake. Kuna wiki wateja wanaagiza sana, kuna wiki kimya. Usishangae, wala usishushe bei kwa hofu. Angalia oda zako za miezi mitatu iliyopita, utaona mtindo wa wateja wako.

Mbele ya Geita kuna Katoro, mji wa biashara uliochangamka kweli, umeshikana na Buseresere. Wateja wa jumla wapo wengi huku. Ila sikiliza vizuri: kuna Katoro nyingine mkoa wa Kagera, Bukoba Vijijini. Jina ni lile lile na mikoa ni tofauti. Ukiandika "Katoro" peke yake kwenye boksi umecheza kamari. Andika "KATORO – GEITA" au "KATORO – BUKOBA VIJIJINI" kwa herufi kubwa.

KIPANDE CHA TATU: CHATO AU BIHARAMULO?

Hapa ndipo mizigo mingi inapotea njia. Kati ya Geita na Muleba kuna njia mbili. Moja inapita Chato, karibu na ziwa. Nyingine inapita Biharamulo, ndani zaidi. Zinakuja kukutana tena kabla ya Muleba mjini. Basi la Mwanza–Bukoba likipita Chato, mteja wako wa Biharamulo haoni kitu. Likipita Biharamulo, wa Chato ndo anabaki stendi anakusubiri. Swali la kumuuliza wakala kabla hujalipa ni moja tu: "Hili basi linapita wapi?"

Na nyie wauzaji wa Kariakoo, hili ni lenu. Basi la Dar–Bukoba kwa kawaida halipiti Mwanza. Linapita Kahama, Nyakanazi, Biharamulo, ndipo Muleba na Bukoba. Kwa hiyo kumwambia mteja wa Bukoba "mzigo ukifika Mwanza nitakujulisha" wakati umepakia basi la moja kwa moja ni kumchanganya bure. Pia ina maana kwamba mteja wa Biharamulo anaweza kupata mzigo wake kutoka Dar bila kuzungushiwa Mwanza. Wengi tunamlipisha mara mbili bila sababu.

KIPANDE CHA NNE: MULEBA, BUKOBA, MUTUKULA

Kuanzia Muleba kwenda Bukoba barabara inapanda na kushuka kwenye migomba na mibuni, na ziwa linakuwa mkono wa kulia. Huku nyumba zimetawanyika mashambani, ndani ya migomba. Mteja akikuambia "shusha Muleba", muulize kama ni Muleba mjini au ni kituo cha njiani. Konda anaweza kumshushia njiani ikiwa mteja yupo barabarani kwa muda huo. Asipokuwepo, basi halimsubiri.

Kemondo ipo kabla ya Bukoba na ina bandari. Kwa mzigo mkubwa na mzito usiokuwa na haraka, kumbuka kuna usafiri wa meli kati ya Mwanza na Bukoba. Ulizia ratiba na bei bandarini kisha linganisha na basi. Kwa kifurushi kimoja kidogo, basi bado ni rahisi zaidi.

Ukitoka Bukoba kwenda mpakani Mutukula ni kama kilomita 80. Katikati kuna Kyaka, penye daraja la mto Kagera, lile lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na baadaye kujengwa upya. Hapo Kyaka barabara ya Karagwe inachepuka. Mteja wa Karagwe (Kayanga, Omurushaka) hayupo kwenye barabara ya ziwa, kwa hiyo usimpe bei ya Bukoba. Tafuta gari linalokwenda Karagwe moja kwa moja, au kubalianeni kwamba atachukulia Bukoba.

KIPANDE CHA TANO: UPANDE WA MUSOMA NA SIRARI

Turudi Mwanza, tushike upande wa mashariki. Nyamhongolo, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda. Kati ya Lamadi na Bunda barabara inapita ukingoni mwa Hifadhi ya Serengeti, unaliona hata geti la Ndabaka. Mambo matatu ya kujua:

1. Lamadi ni njiapanda ya Bariadi. Basi la kutoka kusini linaweza kupitia Bariadi na kutokea Lamadi bila kugusa Mwanza mjini. Ukiahidi mzigo utabadilishwa Mwanza, hakikisha unapita Mwanza kweli.

2. Bunda ni njiapanda ya Ukerewe kupitia Kisorya, ambako kuna feri. Mteja wa Nansio ana njia mbili, hiyo ya Bunda au ya majini kutoka Mwanza. Mwache achague yeye, anaijua kuliko wewe.

3. Musoma mjini haipo juu ya barabara kuu. Unachepuka Makutano kuingia mjini. Basi linalokwenda Tarime na Sirari linaweza kuushusha mzigo hapo Makutano, na mteja aliyekuwa anausubiri stendi ya Musoma mjini akalazimika kuufuata. Nauli hiyo ataikata kwenye imani yake kwako.

MASWALI MATANO KABLA HUJATAJA BEI

Kwa mteja:
1. Uko mji gani na wilaya gani? (Wilaya ndiyo inakuokoa na majina yanayofanana.)
2. Utachukulia stendi gani au kituo gani?
3. Namba ipi itapatikana siku ya mzigo? Taja na ya pili.

Kwa wakala wa basi:
4. Basi linapita njia ipi, na linafika pale saa ngapi? Likifika saa 9 usiku, ofisi ya mizigo inafunguliwa saa ngapi?
5. Mzigo ukipotea au ukiharibika, utaratibu wa kulipwa ukoje?

Hilo la tano tunaliogopa, tunaona aibu kuuliza. Uliza. Huduma ya kusafirisha vifurushi na vipeto inahitaji leseni ya TCRA, hata kwa kampuni ya mabasi. Kwa hiyo tumia ofisi ya mizigo yenye leseni, taja thamani ya kilichomo, chukua risiti. Ukimpa konda mkononi bila karatasi kwa sababu ni nafuu kwa 1,000, ujue hiyo 1,000 ndiyo ilikuwa ushahidi wako. Siku mzigo usipoonekana huna pa kuanzia.

Risiti ikishatoka, ipige picha, mtumie mteja hapo hapo pamoja na namba ya basi. Utaona maswali ya "vipi umetuma kweli?" yanaisha yenyewe.

MVUA YA BUKOBA SI MCHEZO

Bukoba ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi Tanzania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo kilele. Mzigo unaweza kutoka Dar kwenye jua kali ukashushwa Muleba kwenye mvua kubwa, na konda hana muda wa kutafuta kibaraza.

Fungasha hivi: bidhaa kwanza ndani ya nailoni, funga vizuri. Kisha boksi au mfuko mgumu. Jina, namba ya simu, mji na wilaya viandikwe kwa makapeni isiyofutika na maji, juu yake pitisha selotepu angavu. Weka karatasi ya pili yenye maelezo yale yale ndani ya boksi. Ya nje ikilowa na kubanduka, mtu wa ofisi ya mizigo akifungua anajua pa kupiga.

Vitambaa, vitabu, viatu vya ngozi na vifaa vya umeme: usitume bila nailoni kipindi cha masika, hata kama mteja anasema "huku hakuna mvua leo". Leo yake si saa 10 usiku mzigo utakaposhuka.

MTEJA YUKO NG'AMBO YA MPAKA?

Barabara inagusa mipaka miwili na wateja wa Uganda na Kenya wanaagiza. Usimpe boda avushe kimya kimya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa biashara uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Kama bidhaa zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zipo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, unapata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na hulipi ushuru wa forodha.

Soma tena hapo, "zimezalishwa ndani ya Jumuiya". Vikapu na batiki uliyotengeneza hapa vinaweza kuingia. Kava za simu na pochi za kutoka China haziingii kwenye huo msamaha, hata kama umezinunua Kariakoo. Na hata bidhaa iliyosamehewa ushuru inaweza kuwa na tozo au kibali kingine, kwa hiyo uliza ofisi za forodha Mutukula au Sirari kabla hujamtajia mteja bei.

BARABARA INARUDISHA PIA

Basi lililokupelekea mzigo Bukoba linarudi. Wewe unaliona kama gharama tu, ila huko lilikokwenda kuna vitu watu wa Dar, Dodoma na Arusha wanavitafuta. Dagaa wa ziwa, kahawa ya Kagera, vanila, na senene wa msimu, hasa mwezi wa 11 na 12.

Mteja wako mwaminifu wa Muleba anaweza kuwa msambazaji wako. Anza na kiasi kidogo, mlipe kwa wakati, mpe masharti ya ufungashaji. Ila usiingie kichwa kichwa. Samaki na dagaa wana vibali vyao vya kusafirisha, pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Na chakula ukikifungasha kwa jina lako ni suala la TBS. Mjasiriamali mdogo, anzia SIDO, watakuelekeza hatua.

MESEJI YA KUNAKILI

Badala ya "Kanda ya Ziwa 7,000", weka hii kwenye majibu yako ya haraka ya WhatsApp:

"Asante kwa oda yako. Naomba mji, wilaya, na stendi au kituo utakachochukulia mzigo, na namba mbili za simu. Nikishapata nitakuulizia basi linalopita kwako, nikutajie bei kamili ya usafiri na muda wa kufika kabla hujalipa. Mzigo ukipakiwa nitakutumia picha ya risiti na namba ya basi."

Meseji fupi tu, lakini mteja anaona anaongea na mtu anayejua anachofanya.

Halafu tengeneza daftari la barabara. Kila ukituma mzigo andika mji, njia basi lililopita, bei uliyolipa, saa mzigo ulipofika na shida iliyotokea. Oda 20 tu zinatosha kukupa orodha yako ya bei, ya kweli, kwa kila kituo kuanzia Sirari mpaka Mutukula. Hiyo hutaikuta kwa mtu mwingine yeyote, na mshindani hawezi kuinakili kwenye ukurasa wako kama anavyonakili picha zako.

Sevu posti hii. Siku mteja akikuandikia "nipo Katoro", utajua swali la kwanza la kumuuliza.

Kazi njema, na mizigo ifike salama.